Mukwe anataka kurudi shuleni



Jumamosi iliyopita, likelemba ilipokwisha kuhesabiwa na chai kumiminwa, mama mmoja mkubwa wa Cimpunda alituvuta pembeni. Tunamheshimu sana mama huyu. Alilea watoto saba kwa kuuza sambaza, na sasa analea wajukuu. Alituuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa: «Mwalimu, huyu mukwe wangu anafundisha tangu miaka minane. Sasa anasema anataka kurudi kusoma. Diploma si iko nayo? Anaenda kutafuta nini tena, na batoto batabaki na nani?»

Hatukumjibu vizuri siku ile. Tulisema maneno mengi mazuri juu ya elimu, naye akaitikia kwa adabu, akanywa chai yake. Tulirudi nyumbani tukijua kwamba yeye aliuliza swali, na sisi tulimpa hotuba. Juma hili tunajaribu kumjibu tena, na kuwajibu wote wenye mukwe, binti, dada au mke mwalimu ambaye ameanza kusema maneno kama hayo.

Anaenda kutafuta nini?

Diploma anayo, ni kweli. Sisi pia tunayo. Baada ya diploma ya serikali tulikaa ISP miaka mitatu, tukaandika kazi yetu ya mwisho, tukapata gradua, na tangu siku ile tunashika chaki. Gradua ilitufundisha kuandaa somo, kusimama mbele ya darasa, kuuliza maswali kwa utaratibu na kusahihisha kwa haki. Ni kazi kubwa, na hatuidharau.

Lakini kuna swali ambalo gradua haikutupa nguvu ya kulijibu: somo limeandaliwa vizuri, limefundishwa vizuri, mbona halikuingia?

Tutoe mfano wa darasani kwetu. Mwaka huu tuna watoto 62 katika mwaka wa saba. Unamwita mtoto asome kifungu cha Kifaransa. Anasimama, anasoma kutoka juu hadi chini bila kukosea neno, na wenzake wanampigia makofi. Unamwuliza: kifungu hiki kinasema nini? Kimya. Unamwuliza kwa Kiswahili habari za bei ya sambaza pale Kadutu, anakueleza mpaka kengele inalia. Mtoto huyu si mjinga, na mwalimu wake wa zamani si mvivu. Kuna mahali alipovuka kutoka lugha ya nyumbani kwenda lugha ya kitabu, na pale pa kuvukia daraja lilikuwa bovu.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha zetu za taifa nafasi katika mafundisho, na Kiswahili ni moja ya zile nne. Lakini mtoto avuke namna gani, mwaka gani, kwa mazoezi gani? Sisi wenye gradua jambo hili tunalilalamikia katika chumba cha walimu, kisha tunarudi darasani kama tulivyotoka. Anayesoma zaidi anafundishwa kulipima. Anachukua watoto thelathini, anawasomesha ukurasa uleule, anaandika nani ameelewa nini, anajaribu njia nyingine kwa majuma kadhaa, anapima tena. Mwishoni anaweza kusema: njia hii imesaidia, ile haikusaidia, na hesabu zangu ni hizi. Hicho ndicho mukwe wako anachokwenda kutafuta, mama. Na watoto wanaosoma bila kuelewa ni wajukuu wetu sisi wote. Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure, wameingia wengi darasani ambao zamani wangebaki nyumbani. Kuingia wameingia. Sasa kuna kazi ya kuwafanya waelewe.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mkongomani wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu alikuwa Thomas Kanza, mwaka 1956, kule Louvain nchini Ubelgiji, na alichosoma kilikuwa ni saikolojia na elimu. Dada yake, Sophie Kanza, alimaliza Lovanium mwaka 1964. Alikuwa mwanamke Mkongomani wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika serikali kama waziri. Kwa hiyo binti wa Bukavu anayetaka kupanda ngazi hiyo hakuizua yeye.

Zamani ngazi hiyo ilikuwa mbali. Mwaka 1971 serikali ilipounganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, kitivo cha saikolojia na elimu kiliwekwa Kisangani. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 600 za barabara, unapita msitu wa Kahuzi-Biega, unapita Walikale, unapita Lubutu. Mwalimu mwanamume aliweza kumwachia mke nyumba akaenda. Mwalimu mama angemwachia nani? Leo ISP iko hapa hapa mjini, na vyuo vikuu viko. Mtu anaweza kwenda kusoma kwa miguu na kurudi kabla moto haujazimika kwenye mbabula. Lakini ukaribu huo umetudanganya kidogo. Kwa kuwa chuo kiko karibu, tunafikiri masomo hayataigusa nyumba.

Saa zinatoka wapi?

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vyetu viliingia katika mfumo mpya unaoitwa LMD: lisansi, masta, doktora. Zamani tulisema gradua miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili. Sasa lisansi ni miaka mitatu na masta ni miwili. Wamama, shikeni hilo, kwa sababu neno ni lilelile na kitu si kilekile. Anayesema «nina lisansi» leo anaweza kuwa amesoma miaka mitatu au mitano, kulingana na mfumo aliopitia.

Katika mfumo huu mpya masomo hupimwa kwa krediti. Mwaka mmoja una krediti 60. Na krediti moja si saa za kukaa mbele ya profesa tu. Ni saa zote za kazi, pamoja na zile za kusoma na kuandika nyumbani. Tuchukue hesabu ya kawaida, saa 25 kwa krediti moja. Mara 60, ni saa 1.500 kwa mwaka. Gawa kwa majuma 40, unapata saa 37 na nusu kwa juma. Hata tukisema nusu yake inafanyika chuoni, kunabaki saa 18 na zaidi kila juma ambazo mwanafunzi anapaswa kuzipata nyumbani kwake.

Nyumbani kwake, yaani wapi? Mwalimu mama anaamka saa kumi na moja. Anawasha makala, anapasha chai, anavalisha watoto, anafika shuleni kabla ya kengele. Mchana anarudi na daftari za kusahihisha chini ya mkono. Anapita sokoni, anapika sombe, anasonga fufu, anaangalia kama maji yamekuja, anapokea mgeni, anaogesha watoto, anaandaa masomo ya kesho. Mpe mama huyo saa 18 za kusoma na umwambie azitafute. Atazitoa kwenye usingizi, kwa sababu ni hapo tu ambapo hakuna mtu wa kumdai.

Sisi tuliona jambo hili kwa macho yetu. Tulikuwa wasichana watatu tulioshikana sana, tukamaliza gradua mwaka mmoja. Mwenzetu mmoja aliendelea na lisansi ya zamani. Alikuwa ndiye mwenye akili kuliko sisi wawili, tunasema bila wivu. Mwaka wa kwanza alipita vizuri. Mwaka wa pili alizaa, na ni mwaka uleule wa kuandika memuari. Mumewe hakumkataza, alisema «soma, mama, soma», kisha akaendelea kuuliza chakula kiko wapi. Umeme ulipokatika usiku alisoma kwa mshumaa. Alikuwa anaamka saa tisa za usiku ili aandike kabla mtoto hajalia.

Na sisi rafiki zake? Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda kumtembelea. Tulikaa sebuleni, tukamsifu, tukaita mtoto majina mazuri, naye akatupikia. Tulitoka saa kumi na mbili jioni tumeshiba. Ile ilikuwa siku moja tu katika juma ambayo hakufundisha wala hakuwa na somo. Hatukuliona jambo hilo mpaka miaka miwili baadaye, alipotuambia. Ameandika sura mbili. Karatasi zake ziko katika mfuko wa mchele juu ya kabati, zimefungwa kamba. Minervali ilikuwa imelipwa yote mpaka franka ya mwisho. Tulimwuliza kilichomshinda ni nini. Alisema: «Feza nilipata, wenzangu. Saa ndizo sikuzipata.»

Vyuo vingine vya jirani zetu viliona jambo hilo mapema. Tanzania iliunda Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, kinachofundisha watu wakiwa makwao na kazini mwao, walimu wengi wakiwa miongoni mwao. Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kilipanga masomo ya walimu katika likizo za shule, ili mwalimu asiache darasa lake. Hapa kwetu mara nyingi profesa mgeni anafika, somo zima linafundishwa kwa siku chache, asubuhi hadi jioni, na mwenye darasa la watoto 62 anajikuta anatakiwa mahali pawili saa ileile. Haitoshi kuambiwa ajikaze. Ni lazima jambo hili lipangwe kabla.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwa hiyo, kabla feza haijatoka kwenye likelemba, mukwe na watu wa nyumba yake wajibu maswali haya. Tumeyaandika kutokana na makosa yetu na ya wenzetu.

La kwanza: karatasi nitakayopata mwishoni inaitwaje, na inatambuliwa na wizara ya elimu ya juu? Uliza kwa maandishi, pata jibu la maandishi. Kama una gradua ya zamani, uliza pia wanakuingiza mwaka wa ngapi katika mfumo mpya. Usiridhike na jibu la mtu uliyemkuta mlangoni.

La pili: gharama yote ni kiasi gani? Minervali ni sehemu tu. Kuna kujiandikisha, kuna silabusi, kuna fotokopi, kuna taksi au pikipiki, kuna kuchapisha na kufunga memuari, na kuna siku yenyewe ya kuitetea, ambayo ndugu wote watataka kushangilia. Andika yote katika ukurasa mmoja, halafu ongeza kidogo kwa yale uliyosahau.

La tatu: nani ataongoza kazi yangu? Memuari inahitaji profesa anayejua jambo lako na anayepatikana. Usingoje mwaka wa mwisho ndipo uanze kumtafuta. Na ulete swali linalotoka darasani mwako. Mwalimu anayeandika juu ya watoto anaowaona kila siku hana haja ya kupanda gari kwenda kukusanya habari.

La nne: mkubwa wa shule anajua? Prefe au direkta akijua mapema, anaweza kupanga saa zako vizuri. Akijua siku ya mtihani wako, ataona umemficha.

La tano: mshahara utabadilika lini? Hapa tuseme ukweli, maana wengi wanaambiwa kwamba karatasi ikipatikana feza inapanda. Mwalimu anaweza kumaliza na akaendelea kulipwa kwa daraja lake la zamani muda mrefu, mpaka karatasi zake zifike panapotakiwa na zishughulikiwe. Anayesoma kwa ajili ya mshahara wa mwezi ujao ataumia moyo. Na kama minervali ya mama itamtoa mtoto shuleni, basi mama angoje mwaka mmoja. Kungoja si kuacha.

La sita ndilo kubwa, nalo ni la nyumba nzima: saa 18 zitatoka kwa nani? Kaeni mezani na karatasi. Andikeni siku saba za juma. Nani atapika Jumanne? Nani atakaa na watoto Jumamosi mchana? Saa ngapi mlango utafungwa na mgeni aambiwe kwa heshima kwamba mama wa nyumba anasoma? Baba wa nyumba aandike saa zake kwa mkono wake mwenyewe. Kusema «soma, mama» kunachukua dakika moja, na tulikwisha ona ilivyomwishia mwenzetu.

Tulifanya hivyo nyumbani kwetu

Haingefaa kuwaambia ninyi jambo ambalo sisi wenyewe hatujalifanya. Bahasha yetu ya chuo iko tayari tangu likizo kubwa: diploma, matokeo, picha, hati ya kuzaliwa. Jumatatu usiku, watoto walipolala, tuliketi na baba yao tukaandika siku saba. Alijitolea Jumatano jioni na Jumamosi mchana. Dada yetu mdogo alikubali Alhamisi. Tulikata ziara fulani, tulikata na mambo mengine ambayo hatutayataja hapa, mmoja wenu asije akajitambua. Tulijumlisha. Zikatoka saa 11.

Tulihesabu tena, zikawa 11. Tuna mtoto mkubwa anayejiandaa kwa mtihani wa serikali, na saa zake hatuzigusi. Kwa hiyo mwaka huu hatutajiandikisha. Tunalisema wazi, ingawa mwanzoni mwa juma tulikuwa tumekusudia kumaliza ukurasa huu kwa kuwatangazia kwamba tunaanza. Bahasha imerudi kwenye sanduku, pamoja na ile karatasi ya siku saba. Mwakani tutaitoa tena tuhesabu.

Kuhusu mwenzetu mwenye mfuko wa mchele juu ya kabati, tulikwenda kwake Jumanne. Safari hii hatukukaa sebuleni. Tulimwambia kwamba akitaka kuzifungua zile karatasi, Jumapili mchana watoto wake watakuwa kwetu, na chakula kitatoka kwetu. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atakwenda kwanza chuoni kuuliza kama kazi iliyoanzwa katika mfumo wa zamani inaweza kupokelewa sasa. Tunangoja jibu pamoja naye.

Na wewe, mama wa Cimpunda, uliuliza watoto watabaki na nani. Jibu letu ni hili: siku nyingine na baba yao, siku nyingine na shangazi yao, na siku mbili katika juma na wewe, ukikubali. Hatukuombi feza wala ruhusa. Tunakuomba jioni mbili. Ukizitoa, jina lako halitaandikwa kwenye diploma, lakini nyumbani wote watajua. Ukiona huwezi, mwambie mukwe wako sasa, kwa upole, ili naye ahesabu vizuri. Kukatazwa mapema hakuumizi kama kuachwa katikati ya njia.

Kabla ya kutoa ukurasa huu kuchapishwa, tulipita kwa mama mwenyewe pale anapouzia, tukamsomea yote. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kupanga sambaza mafungu mafungu. Tulipofika mwisho alinyamaza, akamhudumia mteja, akarudisha chenji. Kisha akasema: «Basi aniambie ni siku gani. Lakini siku ya soko, hapana.»

Ujumbe tumeufikisha kwa mukwe. Jumamosi hii, mwenye karatasi yoyote ya chuo asiyoielewa ailete kwenye mkutano, baada ya likelemba. Tutaisoma pamoja.